Kalsiamu kaboneti, sitreti au lakteti: ipi inamfaa mama mwenye miaka 66?

Binti wa Ngamiani, Tanga

Ndugu zangu, habari za siku. Ninaomba msaada wa mawazo kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 66. Mwezi uliopita aliteleza uani alipokuwa akianika nguo, akajizuia kwa mkono wa kulia, na mfupa ulio karibu na kifundo cha mkono ukavunjika. Daktari aliyemfunga plasta alitueleza kwamba mfupa wa mtu mzima haupaswi kuvunjika kwa anguko dogo la namna ile, kwamba huenda mifupa yake imepoteza uimara tangu alipokoma hedhi, na akamwandikia kalsiamu miligramu 500 mara mbili kwa siku pamoja na vitamini D. Kwenye cheti hakutaja kalsiamu ya aina gani, nami wakati ule sikujua hata kama zipo aina nyingi.

Duka la kwanza la dawa lilinipa kopo la vidonge 100 vya kalsiamu lakteti vya miligramu 300, kwa bei nafuu sana, nikaelekezwa nimpe mama viwili asubuhi na viwili jioni, kwamba itakuwa zaidi kidogo ya ile 500 aliyoandikiwa. Baada ya wiki mbili dada yangu aliyeko Dar es Salaam alituma kalsiamu kaboneti ya miligramu 1250. Nilishtuka kuona namba kubwa kiasi hicho, na mama naye analalamika kwamba vidonge hivyo ni vikubwa, vinamjaza gesi na vinamfunga choo. Juzi mfamasia wa duka jingine aliniambia kwamba kwa umri wake sitreti ndiyo inayofaa, lakini gharama yake kwa mwezi inakaribia mara nne ya kaboneti, na mama hana bima ya afya, kwa hiyo fedha hiyo inatoka mfukoni mwetu sisi watoto.

Ili mnijibu kwa usahihi, naongeza haya: mama amekuwa akimeza omeprazoli kila asubuhi kwa zaidi ya miaka 3 kwa sababu ya kiungulia, na anatumia haidroklorothiazaidi kwa ajili ya presha. Hajawahi kupata mawe kwenye figo. Hunywa chai ya maziwa asubuhi, hula dagaa mara mbili au tatu kwa wiki, na mchicha haukosekani mezani kwake. Ninachotaka kujua ni hiki: je, tofauti ya kaboneti na sitreti ni ya kweli au ni ya bei tu? Na ile lakteti aliyoimeza wiki mbili ilikuwa ikimsaidia?

Mfamasia wa Kisauni, Mombasa

Pole sana kwa mama, na tafadhali mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mfamasia, na swali hili naletewa dirishani karibu kila wiki, mara nyingi na watu waliokwisha kununua kopo lisilo sahihi, kwa hiyo naomba univumilie nilijibu kwa kirefu.

Kilichokupotezea fedha kuliko vyote ni namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo. Kalsiamu yenyewe ni metali, na haiwezi kumezwa ikiwa peke yake. Ni lazima ifungwe na kitu kingine, nacho hicho kingine kina uzito wake. Katika kaboneti, kalsiamu ni asilimia 40 ya uzito wote. Katika sitreti ni asilimia 21, katika lakteti ni asilimia 13, na katika glukoneti ni asilimia 9 tu. Ndiyo maana kidonge cha kaboneti cha miligramu 1250, ambacho kilikushtua, kina kalsiamu miligramu 500 kamili, yaani kile kile alichoandika daktari. Kidonge cha lakteti cha miligramu 300 kina kalsiamu miligramu 39. Vidonge vinne kwa siku vilimpa mama takriban miligramu 156, ilhali aliandikiwa 1000. Ili afikie 500 kwa mara moja kwa kutumia lakteti ile angelazimika kumeza vidonge 13, na kwa siku nzima 26, na kopo lako la vidonge 100 lingekwisha siku ya nne. Unaona sasa kwamba ile bei nafuu haikuwa nafuu. Aliyekuhudumia alisoma 300 kana kwamba ni kalsiamu tupu, na kosa hilo nimeliona mara nyingi mno kulinyamazia. Unaponunua, geuza kopo upande wa nyuma na utafute maneno yanayoeleza kwamba kila kidonge ni sawa na kalsiamu kiasi fulani. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha, na bei nayo uigawe kwa namba hiyo, si kwa idadi ya vidonge.

Sasa nije kwenye swali lako la msingi. Tofauti ya kaboneti na sitreti ni ya kweli, lakini ukubwa wake unategemea tumbo linaloipokea. Kaboneti ni jamaa ya chokaa na chaki, na ili iyeyuke inahitaji asidi ya tumbo. Kwa mtu ambaye tumbo lake linatoa asidi ya kutosha na anayeimeza pamoja na chakula, kaboneti hufyonzwa vizuri, na sioni sababu ya kumtoza fedha za sitreti. Sitreti haitegemei asidi kiasi hicho, kwa hiyo inaweza kumezwa kabla ya kula, baada ya kula, au hata usiku wa manane. Mama yako yuko katika kundi ambalo tofauti hii inaanza kuwa na maana, kwa kuwa omeprazoli kazi yake ni kuzima ile asidi ambayo kaboneti inaihitaji. Wanawake wazee waliopimwa wakiwa wametumia omeprazoli, kisha wakapewa kaboneti bila chakula, waliifyonza kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na walipokuwa hawajaitumia.

Hata hivyo, nisingependa uondoke hapa ukiamini kwamba bila sitreti mama atakosa kila kitu. Imewahi kuonekana pia kwamba hata watu ambao matumbo yao hayatoi asidi kabisa hufyonza kaboneti kwa kiwango cha kawaida wanapoimeza katikati ya mlo. Kwa hiyo familia isiyomudu sitreti bado ina njia: kidonge kimoja cha kaboneti katikati ya chakula cha mchana na kimoja katikati ya chakula cha usiku, wala si alfajiri pamoja na omeprazoli kama wengi wanavyofanya ili wasisahau. Ukiweza sitreti, mpe sitreti, hasa kwa kuwa kaboneti imeshamfunga choo na kumletea gesi, jambo ambalo sitreti hulifanya kwa kiasi kidogo zaidi. Usiweze, usijilaumu.

Kuna mambo mawili ambayo kwangu mimi ni mazito kuliko uchaguzi wa kopo. Kwanza, muulize daktari kama mama bado anahitaji omeprazoli. Miaka 3 ni muda mrefu, na tangu mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo ziwekewe tahadhari kuhusu kuvunjika kwa nyonga, kifundo cha mkono na uti wa mgongo kwa wanaozitumia kwa kipimo kikubwa au kwa muda mrefu. Usimwachishe ghafla, kwa maana asidi hurudi kwa nguvu na kiungulia kikawa kibaya kuliko cha mwanzo. Daktari atampunguzia hatua kwa hatua akiona inafaa. Pili, haidroklorothiazaidi hupunguza kalsiamu inayotoka kwenye mkojo. Kwa mifupa hilo si baya, lakini mtu anapoongezewa kalsiamu na vitamini D juu yake, kalsiamu inaweza kupanda kupita kiasi kwenye damu. Aombewe kipimo cha kalsiamu ya damu na cha utendaji wa figo, kisha kirudiwe baada ya muda atakaopangiwa. Mkiona kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, au mama ameanza kuchanganyikiwa, msisubiri tarehe ya kliniki.

La mwisho: daktari hakugawa dozi mara mbili kwa bahati. Utumbo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya kalsiamu inapokuja kidogo kidogo, hadi miligramu 500 kwa wakati mmoja. Mama akisahau ya mchana, asimeze mbili usiku ili kufidia.

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini kwa sababu mimi na mke wangu, wote tumevuka miaka 70, tumekuwa tukitumia njia nyingine kwa muda wa mwaka mmoja sasa. Tunakusanya maganda ya mayai, tunayaosha, tunayaanika juani, tunayasaga kwenye kinu, na kila mmoja huchanganya kijiko kimoja kwenye uji wa asubuhi. Tulielezwa kwamba kalsiamu ya asili hufyonzwa kuliko ya kiwandani na kwamba haiwezi kuzidi mwilini. Baada ya kusoma maelezo ya mfamasia kuhusu kaboneti, nimeanza kujiuliza kama tulichoelezwa kina ukweli. Naomba wataalamu mnifafanulie, kwani majirani kadhaa wameiga kutoka kwetu na sitaki niwe nimewapotosha.

Afisa Lishe, Mwanza

Shikamoo mwalimu. Nashukuru umeuliza kwa uwazi, maana wengi hutumia njia hiyo bila kumwambia mtaalamu yeyote.

Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, ile ile iliyomo kwenye kidonge cha dada wa Tanga. Uasili wake haubadilishi chochote tumboni. Nayo inahitaji asidi, nayo inahitaji chakula, nayo hufunga choo. Vivyo hivyo makopo yanayouzwa kwa bei kubwa yakiitwa kalsiamu ya matumbawe au ya magamba ya chaza: ndani yake mna kaboneti, na zile zinazotokana na magamba, mifupa iliyosagwa au miamba zimewahi kukutwa na madini ya risasi, ndiyo maana kama mtu ananunua aina hizo ni afadhali atafute zilizosafishwa na kupimwa.

Kinachonitia wasiwasi katika njia yenu, mwalimu, ni vitu viwili. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kwa mtu aliyevuka miaka 50, kiwango cha juu ambacho hashauriwi kukivuka kwa siku, chakula na vidonge kwa pamoja, ni miligramu 2000, yaani gramu hizo hizo 2. Kijiko cha unga uliosagwa nyumbani hakina kipimo cha uhakika. Leo kimejaa, kesho kimepungua, na kijiko cha chakula si sawa na cha chai. Kusema kwamba haiwezi kuzidi si kweli hata kidogo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi, ambapo waliopewa miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku pamoja na vitamini D walipata mawe kwenye figo kwa asilimia 17 zaidi ya wale ambao hawakupewa, na hapo vidonge vilikuwa vimepimwa vizuri. Jambo la pili ni usafi: kuosha na kuanika juani hakuui bakteria wa salmonela walioganda kwenye ganda. Kama mtaendelea, basi yachemsheni kwanza, lakini ushauri wangu ni kwamba msimamishe hadi mtakapopima figo na kalsiamu ya damu, na majirani muwaeleze vivyo hivyo.

Nirudi kwa mama wa Tanga, kwa sababu chakula chake kimetajwa na hakuna aliyekigusa. Mahitaji ya mwanamke wa umri wake ni miligramu 1200 kwa siku, na hesabu hiyo huanzia kwenye sahani, si kwenye kopo. Glasi moja ya maziwa ya mililita 250 au mtindi wa kiasi hicho hutoa takriban miligramu 300. Dagaa wanaoliwa wazima, pamoja na miiba na vichwa, ni hazina kubwa. Hapa kwetu kando ya ziwa Victoria huwa nawaambia akina mama kwamba wanaong'oa vichwa ili mchuzi usiwe mchungu wanatupa sehemu ya kile wanachokwenda kukinunua famasia. Mchicha, kwa upande mwingine, una kalsiamu nyingi kwenye jedwali la vyakula, lakini una oksaleti inayoishika kalsiamu hiyo isifyonzwe, hivyo uhesabuni kama mboga nzuri kwa mambo mengine. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo na kalsiamu yake hupatikana vizuri zaidi.

Na kwa kuwa mkono umevunjika, sina shaka kwamba mama ameshapikiwa supu ya makongoro. Anywe kwa ajili ya hamu na protini, lakini mifupa haiachilii kalsiamu nyingi kwenye maji hata ikitokota usiku kucha. Kikombe cha mtindi kinaishinda supu hiyo mbali sana.

Ukijumlisha maziwa na dagaa, huenda mama tayari anapata nusu ya mahitaji yake, au zaidi katika siku za dagaa. Kwa hiyo mueleze daktari anachokula, kwani inawezekana kabisa kwamba kidonge kimoja kwa siku kitatosha, na hapo hata ile bei ya sitreti inagawanyika nusu.

Mama Wawili, Malindi

Mimi si mtaalamu, ninazungumza kama mgonjwa. Niliondolewa tezi ya shingo yote miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo natumia levothairoksini na kalsiamu kila siku. Kwa miezi mingi vipimo vyangu vya tezi vilikataa kutulia, kipimo cha dawa kikapandishwa mara mbili, na mimi nikawa nimechoka, nimevimba uso, na ninasinzia kazini. Katika kliniki niliyokuwa nikihudhuria hakuna aliyeniuliza namezaje dawa zangu, hadi siku moja muuguzi mgeni alipouliza, nikamwambia kwamba nameza zote kwa pamoja alfajiri, kwa maji mamoja. Kumbe kalsiamu ilikuwa ikiikamata ile dawa ya tezi tumboni isiingie mwilini. Nilielekezwa niachanishe kwa saa 4, na vipimo vikarudi mahali pake bila kuongezewa chochote. Hili ni kwa aina zote, kaboneti na hata sitreti. Nilitaka tu kila anayesoma hapa ajue kwamba saa ya kumeza inaweza kuharibu kazi ya dawa nyingine ambayo mtu anaitegemea kwa uhai wake.

Mkunga, Temeke

Namshukuru dada wa Malindi, amegusa jambo ninalolipigania kila siku kliniki, nami nitaongeza kwa ajili ya wajawazito na wote wanaotumia dawa nyingine, kwani najua watasoma.

Vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma, hushindana na kalsiamu. Mjamzito aliyepewa vyote viwili avitenganishe kwa saa kadhaa; mimi huwaelekeza kalsiamu iende na chakula cha mchana, na vya damu viende usiku kabla ya kulala. Kwa ndugu zetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri, dawa hiyo imezwe saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake, au vinginevyo vimezwe vyote kwa pamoja na mlo kamili; kinachokatazwa ni kuvimeza pamoja tumbo likiwa tupu. Antibiotiki kama tetrasaiklini na siprofloksasini nazo hukamatwa na kalsiamu, kwa hiyo anayeandikiwa hizo aseme mapema kwamba anatumia kalsiamu.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambayo chakula kina kalsiamu kidogo, ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Kwa mwanamke wa mtaani kwetu hiyo ni sawa na vidonge vikubwa vitatu hadi vinne kila siku, na nimeshuhudia wengi wakiacha kabla ya mwezi kwisha. Ndiyo sababu nilifurahia sana matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 ya utafiti uliofanyika hapa Dar es Salaam na Bengaluru, India, kwa wanawake wenye ujauzito wa kwanza, 11,000 katika kila nchi, ambapo miligramu 500 kwa siku zililinganishwa na 1500. Katika kuzuia dalili za kifafa cha mimba, ile dozi ndogo haikuwa duni kwa ile kubwa, kwetu wala India. Kuhusu watoto kuzaliwa kabla ya wakati, matokeo ya India yalikuwa ya wazi zaidi kuliko ya hapa, kwa hiyo simwambii mtu apunguze dozi aliyopangiwa kabla ya kuzungumza na kliniki yake. Ila kwa yule ambaye alikuwa ameacha kabisa kwa sababu ya wingi wa vidonge, kimoja kila siku bila kukosa ni jambo la thamani kubwa.

Na tafadhali, udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni msiuhesabu kama kalsiamu. Nimewasikia baadhi ya wajawazito wakisema hivyo. Unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo, tena huzuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Binti wa Ngamiani, Tanga

Sijui niwashukuruje. Nimekaa na mama jana jioni tukasoma majibu yote kwa sauti, naye akacheka aliposikia habari ya makongoro, kwa sababu sufuria ilikuwa jikoni. Nimegundua kwamba kumbe tulikuwa tukimpa kaboneti saa 12 asubuhi, pamoja na omeprazoli na dawa ya presha, saa nzima kabla ya chai. Tangu jana ameanza kuimeza katikati ya ugali wa mchana, moja tu, hadi tumwone daktari Jumanne.

Leo nimepita tena kwenye lile duka lenye sitreti na nikageuza kopo kama nilivyoelekezwa. Mbele limeandikwa miligramu 1000, na nyuma kwa maandishi madogo sana limeandikwa kwamba kila kidonge ni sawa na kalsiamu miligramu 210 pamoja na vitamini D uniti 200. Ina maana kwa 500 ya daktari anahitaji vidonge viwili na nusu? Halafu, vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vinavyotoa povu, je, si vingemfaa zaidi, maana kumeza vikubwa ni taabu kwake? Na ile lakteti iliyobaki niitupe?

Mfamasia wa Kisauni, Mombasa

Umesoma kopo sawasawa. Vidonge viwili vya sitreti hiyo vinampa miligramu 420, na kwa mtu anayekunywa maziwa na kula dagaa usihangaike kukata nusu ya tatu. Mwoneshe daktari namba hiyo naye atakubali au atarekebisha. Hiyo vitamini D iliyomo ijumlishe na ile aliyoandikiwa peke yake, mwenye miaka chini ya 70 anahitaji uniti 600 kwa siku kwa kawaida, ingawa daktari anaweza kuwa na sababu ya kumwandikia zaidi baada ya mfupa kuvunjika.

Vya kuyeyusha kwenye maji ni rahisi kunywa na hufyonzwa vizuri, lakini lile povu hutokana mara nyingi na chumvi zenye sodiamu, na mama ana presha. Kwake yeye ningetafuta kaboneti ya kutafuna, au sitreti yenye vidonge vidogo, kabla ya kufikiria vya povu. Kidonge cha kawaida cha kaboneti ambacho hakikupakwa tabaka la kukichelewesha kinaweza pia kupondwa na kuchanganywa na mtindi, wala hakipotezi chochote.

Jumanne nendeni na makopo yote matatu, pamoja na dawa za presha na omeprazoli, zikiwa ndani ya paketi zake. Muulizeni pia kama mama anahitaji dawa ya kutibu mifupa yenyewe, kwa sababu baada ya kuvunjika kwa namna ile kalsiamu ni tegemeo tu na huenda isitoshe. Akiandikiwa alendroneti, ile ya mara moja kwa wiki, asubuhi ya siku hiyo aimeze kwa maji matupu kabla ya kitu kingine chochote, akae wima bila kulala kwa angalau nusu saa, na kalsiamu ya siku hiyo isogezwe hadi mchana.

Lakteti usiitupe na usimpe vidonge 13. Haina madhara, ilikuwa ndogo tu kwa kazi iliyotumwa. Iweke kando na makopo mengine mpaka Jumanne, ili daktari aone mwenyewe kilichotolewa kwa cheti ambacho hakikutaja aina, na safari hii umwombe aandike aina ya kalsiamu, iwe kaboneti, sitreti au nyingine, pamoja na kiasi cha kalsiamu yenyewe.